Waambie Wakigeuze

Mara ya kwanza niliingia Ashmolean, jumba la makumbusho la mji wa Oxford, Uingereza, kwa kukimbia mvua. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikapitia soko la Gloucester Green kutafuta ndizi mbichi, na basi langu likaniacha. Ilikuwa Novemba, baridi ile inayopenya hadi kwenye kucha. Hatua chache kutoka pale, mtaa wa Beaumont, nikaona ngazi pana na nguzo za mawe, watu wanapanda mmoja mmoja na hapana anayewauliza kitu. Nilisimama chini dakika kadhaa nikitafuta kwa macho dirisha la tiketi. Halikuwapo. Nikapanda.

Ndani nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, mfuko wa ndizi magotini, nikisubiri mtu aje kuniuliza nimefuata nini. Jibu nilikuwa nalo tayari: nangoja basi. Hakuja mtu. Baada ya nusu saa nikaondoka, sijatazama hata kitu kimoja.

Hofu ile sikuipata Uingereza, nilikwenda nayo. Nilipokuwa msichana wa skuli huko Unguja tulipelekwa mahali fulani penye vitu vya kale. Nilibaki nyuma ya wenzangu kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya joho, nahesabu mishono ya zari kwenye kola yake. Mlinzi akanijia: "Wewe, nani kakuruhusu kusimama hapa? Umetumwa na nani?" Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilishindwa kujibu, nikatoka mbio kuwafuata wenzangu. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na swali lile lilikuwa bado linanitangulia mlangoni, hata mahali ambapo hapakuwa na mlinzi wa kuliuliza.

Tena Oxford ni mji wa malango. Vyuo vyake vingi vina lango zito la mbao, na ndani ya lango mna kijilango kidogo cha kupita mtu mmoja. Miaka minne nilipita mbele ya malango yale nikienda kazini na kurudi, sijui nyuma yake kuna bustani au kuna nini. Sikuwa na sababu ya kudhani kwamba jumba kubwa kuliko yote mtaani, nalo ni mali ya chuo kikuu hichohicho, mtu anaingia tu kama anavyoingia barazani kwa jirani.

Aliyenirudisha ni bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Alikuwa amefundisha watoto kuchora karibu maisha yake yote, na sasa macho yake yamebakiza mwanga na kivuli. Usiku alikuwa hapati usingizi, kwa hiyo tulikuwa tunazungumza. Nilipomsimulia habari ya benchi, aliniuliza: "Ukatazama nini?" Nikamwambia, "Bibi, nilitazama mlango." Alinyamaza kidogo, kisha akasema nirudi, na nikishakwisha kutazama vilivyowekwa wazi niombe kuletewa vilivyo kwenye makasha. "Wewe omba tu," akasema. "Ni vya kuombwa."

Nilidhani ni mazungumzo ya saa tisa za usiku. Makasha gani, na nani ataniletea mimi?

Kumbe alikuwa anasema jambo la kweli kabisa. Makumbusho ya namna ile huweka ukumbini sehemu ndogo ya kile inachomiliki. Vingine vimekosa nafasi, lakini vingine vimefichwa kwa sababu mwanga unavila. Mchoro wa karatasi na kitambaa kilichotiwa rangi vikiachwa kwenye taa hupauka kidogo kidogo, na kilicholiwa na mwanga hakirudi. Basi mchoro hutolewa miezi michache, ukarudishwa gizani ukapumzika miaka. Ukiingia ukumbini usiukute, unaweza kudhani haupo. Upo chumba kingine ndani ya jumba lilelile, wameuhifadhi kwenye kasha jeusi lililo bapa, na mtu yeyote anayepanga miadi, akaja na kitambulisho, akanawa mikono na kuacha kalamu ya wino nje, anawekewa mezani. Si lazima awe profesa, wala si lazima awe mwanafunzi wa chuo.

Ilinichukua wiki mbili kuandika barua pepe ya mistari mitano. Kila nilipofika mahali pa kueleza kwa nini nataka kuona, yule mlinzi wa Unguja alinisimamia. Niliandika maneno makubwa ya utafiti, nikayafuta. Mwisho niliandika ukweli: mama yangu anashona kofia za mkono Zanzibar, mimi nafanya kazi ya kulea wazee, na nimeambiwa kuna mchoro wa Raphael, yule mchoraji wa kale wa Italia, wenye vichwa viwili na mikono ambao una nukta. Naomba kuziona nukta. Wakajibu kwa kunipa siku na saa. Hawakuongeza swali.

Ule mchoro ni wa chaki nyeusi, urefu wake kama sentimita 50, upana kama 36. Kijana na mzee, vichwa vimekaribiana, na mikono yao. Ni mitume wawili katika picha ya Kugeuka Sura kwa Yesu, ambayo iko Vatican, na ambayo Raphael alikuwa akiishughulikia karibu na kifo chake Aprili 1520, akiwa na umri wa miaka 37. Mikono ile siwezi kuieleza vizuri. Mimi kazi yangu ni mikono ya wazee, naishika kila siku, naiosha, naikata kucha. Nilijua uzito wa mkono ule wa chaki kabla sijajua ni wa nani.

Kisha nikainama kutafuta nukta. Zipo. Vitone vidogo vinafuata ukingo wa shavu, vinapita kwenye vidole, mahali pengine chaki imevifunika, mahali pengine vimeachwa wazi. Raphael alikuwa na mchoro mkubwa wa picha yote, akatoboa mistari yake kwa sindano, akaweka karatasi nyingine chini, akapitisha vumbi la makaa. Vumbi likapenya kwenye matobo na kuacha alama, na juu ya alama zile akachora upya vichwa kwa utulivu zaidi.

Mama yangu anayo karatasi ya kaki aliyorithi kwa shangazi yake. Imetobolewa kwa sindano, maua na pembe na vijinjia vinavyoungana, na imelainika kwa kushikwa hata imekuwa kama ngozi. Anailaza juu ya kitambaa cheupe, anachukua kifuko cha kitambaa chenye vumbi la mkaa, anakigongagonga juu yake taratibu. Akiinua karatasi, kofia nzima imelala pale kwa nukta, bado haijashonwa hata tobo moja. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kupumua karibu.

Niliweka penseli chini. Msimamizi wa chumba alidhani nina shida, akaja akaniuliza kama nahitaji kitu. Nikamwambia habari ya karatasi ya mama. Akavuta kiti, akataka nimweleze tena, polepole: makaa ya mti gani, kifuko cha kitambaa cha namna gani. Nilikaa saa moja na nusu na mchoro mmoja. Tangu siku ile siwezi tena kupita vyumba kumi kwa mkupuo mmoja nikasema nimeona.

Baadaye nilisoma namna michoro ile ilivyofika pale. Mchoraji Thomas Lawrence aliikusanya kwa tamaa ya mpenzi, akafa 1830 na madeni. Taifa la Uingereza likaletewa mkusanyiko wake lisiununue. Miaka ya 1840 watu wakachangishana ili michoro ya Raphael na Michelangelo ije Oxford. Ilihitajika pauni 7,000, na 4,000 kati ya hizo zilitoka kwa mtu mmoja, Lord Eldon. Leo hakuna mahali pengine duniani penye michoro mingi ya Raphael kuliko pale. Na nikakisoma kisa kingine ambacho nimekipenda zaidi. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 1683, kwenye jengo la mtaa wa Broad ambalo sasa lina vyombo vya sayansi ya zamani, kwa vitu ambavyo Elias Ashmole alikipa chuo kikuu, vingi vikiwa vimekusanywa na watunza bustani wawili, baba na mwana, wa ukoo wa Tradescant. Mwaka 1710 alikuja msomi Mjerumani kutoka Frankfurt, Zacharias Conrad von Uffenbach. Alikwenda siku ya soko, akakuta mahali pamejaa watu wa shamba, akageuza njia. Aliporudi siku nyingine akaandika kwa uchungu kwamba hata wanawake wanaruhusiwa kupanda kwa peni sita, na wanakimbia huku na huku wakishikashika kila kitu.

Niliposoma maneno hayo nilikumbuka mfuko wangu wa ndizi. Pengine wanawake wale nao walitoka sokoni kama mimi. Walilipa peni zao sita, wakapanda ngazi, na msomi hakupendezwa, na leo tunajua walikuwapo kwa sababu yeye alinung'unika. Ninapoingia sasa bure, bila hata zile peni sita, nawaona kama watu walionitangulia njiani.

Najua wapo wanaosema kwamba kufungua milango ni kualika wezi na mikono michafu. Mikono inanawiwa. Ama wizi, Ashmolean iliibiwa picha ya rangi ya mchoraji Mfaransa Cézanne usiku wa kuamkia mwaka 2000, fataki zikipasuka mjini, na haijaonekana hadi leo. Mwizi yule alishukia paani. Hakuandika barua pepe kuomba miadi.

Sasa nifike kwenye vitambaa, maana hivyo ndivyo vilivyonifanya niandike.

Siku moja msimamizi yuleyule aliniambia kwamba kama mama yangu ni mtu wa nguo, jumba hilohilo lina chumba kingine cha kusomea, cha sanaa za nchi za Kiislamu na Asia, Kituo cha Yousef Jameel, na huko kuna vipande vya pamba kutoka India zaidi ya 1,200. Picha zake zimewekwa kwenye intaneti, kila kipande na namba yake, namba zinazoanza na EA1990, na mtu anaweza kuvuta picha karibu hadi akahesabu nyuzi. Nililala saa mbili siku ile. Muda uliobaki nilikaa kitandani na simu, napitisha kipande baada ya kipande: buluu ya nili na nyeupe, nyekundu iliyopauka, miduara, miti, bata, maandishi yanayofanana na Kiarabu lakini hayasomeki.

Vitambaa hivyo vilifumwa na kupigwa chapa Gujarat, upande wa magharibi wa India. Fundi alichonga muhuri wa mbao, akauchovya kwenye nta au ute mzito, akagonga kitambaa, kisha akakizamisha kwenye nili. Palipogongwa pakakataa rangi, pakabaki peupe. Kwa nyekundu njia ni nyingine: muhuri unagongwa kwa shabu, ndipo kitambaa kichemshwe na mizizi ya kutolea rangi, na rangi inashika pale penye shabu tu. Nguo hizo zikapakiwa majahazini, zikavuka bahari hadi Misri, zikavaliwa, zikachakaa, zikatupwa. Nyingi inaaminika zilitoka kwenye ardhi ya Fustat, ule mji mkongwe ambao sasa umemezwa na Cairo. Percy Newberry, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa Misri ya kale, alizinunua kwa wauzaji wa vitu vya kale, na mwaka 1946 zikafika Ashmolean. Kwa kuwa zilinunuliwa dukani, hakuna aliyeandika kila kimoja kilifukuliwa shimo gani, pamoja na nini. Habari hizo zimepotea. Alipokuja mtafiti Ruth Barnes kuvichambua kimoja kimoja, na vingine kupimwa umri kwa kaboni, ilionekana kwamba vipo vyenye miaka karibu 1,000.

Nilikuwa nikisoma haya, moyo unanienda mbio, kwa sababu nguo za Gujarat hazikwenda Misri peke yake. Zilikuja kwetu. Wareno walipofika pwani yetu walikuta nguo za Kambaya, bandari ya Gujarat, kila mahali. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema watu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walikuwa wakifuma pamba nyeupe, na kwa kuwa hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi, walichukua nguo za buluu za Kambaya, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na nyeupe yao. Hebu fikiria kazi hiyo: mtu anafumua nguo nzima iliyovuka bahari ili apate buluu yake.

Lakini nguo zenyewe haziko. Ukienda Kilwa utaona kuta, ukienda Kunduchi utaona makaburi yaliyopambwa sahani za Kichina, shanga zinaokotwa ufukweni, sarafu zinaokotwa. Nguo zimeoza. Unyevu na mchwa na chumvi havikubakiza kitu. Misri haina mvua nyingi, ndiyo maana takataka za Fustat zimetunza kile ambacho sisi tulikizika na kukipoteza. Kule Sulawesi, Indonesia, Watoraja walitunza nguo kama hizo nzimanzima kwa kuwa zilikuwa za heshima na za sherehe, zikarithiwa kizazi hadi kizazi. Kwetu mimi sijaona hata kiraka. Mwanamke wa Unguja wa miaka 600 iliyopita, nikitaka kujua alijifunga nini alipokuwa akienda harusini, mahali pa karibu kabisa pa kutazama ni droo iliyoko Oxford, dakika tano kutoka kituo cha basi langu.

Safari hii sikuchukua wiki mbili. Niliomba vipande sita, kwa namba. Vyumba vya namna hii kwa kawaida hufunguliwa siku za kazi, na wengi wetu siku za kazi tuko kazini, kwa hiyo nilibadilishana zamu na mwenzangu kutoka Bukavu. Aliniuliza naenda hospitali? Nikamwambia naenda kutazama vitambaa. Akasema, "Dada, basi na mimi nataka."

Vililetwa vimelazwa juu ya ubao laini. Vidogo. Picha ya simu hukuza kila kitu, mtu anasahau. Kimoja kilikuwa sawa na kiganja changu. Duara la petali nane, vinukta vyeupe vimelizunguka, na pembeni mstari wa pembetatu zilizopangana kama meno. Kila anayejua khanga akiuona mstari ule moyo wake utasema *pindo*. Mimi ulisema hivyo, na nikakosea. Nilimwambia msimamizi kwa uhakika mkubwa kwamba hili ni pindo la khanga. Akanisikiliza, akaniuliza khanga zilianza lini. Nikafikiri. Khanga ni za karne ya 19, na za mwanzo nazo ziligongwa kwa mihuri ya mbao palepale pwani. Kipande hiki kilikuwa kimekaa ardhini mamia ya miaka kabla ya khanga ya kwanza kukatwa. Nilikuwa nimemuita mzee kwa jina la mjukuu. Tangu hapo nimejifunza kutaja kwanza ninachokiona, meno, duara, nukta, na kuacha jina lije baadaye.

Kipande hichohicho, cha tano kati ya sita, kilikuwa na mshono. Mtu aliwahi kukipinda ukingo na kukishona kwa mkono, mishono mirefu mirefu. Nilipiga picha, wanaruhusu kwa matumizi ya mtu binafsi, na jioni nikampigia mama.

Mama ana miaka sabini na sita. Hajawahi kuingia jumba la makumbusho popote, na shughuli zangu za Ashmolean alikuwa akizipokea kwa upole wa mzazi anayefurahi kwamba mwanawe ana pa kwenda. Lakini picha ile ilipofunguka kwenye simu ya mdogo wangu, sauti yake ilibadilika.

"Nani kashona hiki?"

"Mama, hajulikani. Zamani sana."

"Zamani lini?"

"Miaka mia sita. Saba. Pengine zaidi."

Akakaa kimya. Nikasikia anamwambia mdogo wangu akuze picha, avute huku, avute kule. Kisha akaniambia: "Waambie wakigeuze. Nataka kukiona nyuma."

Mtu asiyeshona hataona uzito wa neno hilo. Mama akiletewa kofia kununua au kusahihisha, kitu cha kwanza anachofanya ni kuipindua ndani nje. Mbele mtu hukupa anachotaka ukione. Nyuma ndiko kwenye fundo, ndiko uzi ulikoruka, ndiko unakojua kama aliyeshona alikuwa na subira au alikuwa na njaa. Anasema hivyo kwa watoto wanaokuja kujifunza kwake, na alisema hivyohivyo kwa kitambaa cha Fustat. Hakuona kwamba ameomba jambo kubwa. Na picha nyingi nilizokuwa nimetazama mimi zilikuwa za mbele.

Nikaandika tena. "Mama yangu ameomba kuona nyuma ya kipande." Sikuandika neno utafiti. Nilipata siku, wiki tatu mbele.

Katika wiki hizo tatu nilianza kwenda na watu. Yule dada wa Bukavu na wanawe wawili, Jumamosi, kumbini tu, kisha watu wengine wa kazini. Kila mara nakuta kitu kilekile: mtu anasimama chini ya ngazi anatafuta dirisha la tiketi. Nimeacha kuwaeleza kwa maneno mengi. Ninawashika mkono, tunapanda, na tukifika ndani siwapeleki popote mpaka wao wenyewe wamesogelea kitu. Mtoto wa miaka saba alisogelea mchoro wa ndege mdiria, wa John Ruskin, mwandishi na mchoraji Mwingereza wa karne ya 19. Ilikuwa bahati tu kuukuta umetolewa siku ile, maana nao ni wa karatasi. Buluu ile ya mdiria ilimshika hata mama yake akaogopa atagusa. Ruskin alipoanzisha shule yake ya kuchora pale Oxford, 1871, alitoa mamia ya picha zake na za wengine ziwe za kufundishia, na alitaka na watu wa mjini wapate kujifunza. Sikumweleza mtoto hayo. Nilimwambia tu kwamba huyu ndege wako akirudishwa kwenye kasha lake tunaweza kuomba tumuone tena.

Yule bibi aliyenituma sikuwahi kumpeleka. Nilikuwa nimepanga, nimeulizia hata kiti cha magurudumu, akafariki kabla. Nilimsimulia nukta za Raphael mara tatu au nne, na kila mara alitaka nianze kwenye mikono.

Kuna rafiki aliyeniuliza kama haniumi roho kuona nguo za Wahindi na Wamisri zimefungiwa kwa Waingereza. Inaniuma, na hasa inaniuma kwamba fundi wa Gujarat au wa Cairo anahitaji viza na nauli ili akae mahali nilipokaa mimi. Picha za intaneti zinasaidia. Zimemfikia mama akiwa juu ya mkeka wake. Lakini picha haipinduliki. Kitu kikishakuwa mbali na kwao, aliyekishika anadaiwa mengi, na deni la kwanza analoweza kulilipa hata kesho asubuhi ni kukifungua mbele ya yeyote anayeuliza, na kujibu anayetaka kukiona nyuma.

Siku ilipofika mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Msimamizi alivaa glavu, akatelezesha ubao wa pili juu ya kipande, akazishika mbao zote mbili pamoja kama mtu anayegeuza mkate wa kumimina, akageuza, akainua ubao wa juu. Ikawa nyuma. Buluu ya nili ilikuwa imepenya pote, nzito kuliko mbele, na duara la petali nane lilionekana kwa mbali sana, kama sura ya mtu nyuma ya pazia. Nta iligongwa upande mmoja, upande huu nili ilikunywa ilivyotaka. Na ule mshono sasa ulikuwa wazi wote: mahali uzi ulipoanza, mahali ulipokatika ukaungwa, mishono mifupi mwanzoni ikizidi kurefuka kadiri inavyokwenda mbele, na mwishoni fundo moja kubwa.

Nilimtumia mama picha nikiwa bado pale mezani. Unguja ilikuwa alasiri. Nikaona alama kwamba imefunguliwa. Ikapita dakika moja, mbili. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, na msimamizi akaniashiria kwamba naweza kuusikiliza, hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

"Nimemwona," mama alisema. "Alianza vizuri. Hapa katikati kibatari kilikuwa kinamzimikia, au mtoto alilia. Hii ni nguo ya nyumbani, hii, hakushona ya kuuza. Mwambie huyo anayekutunzia asiruhusu fundo lile lifunguke, ndilo linaloshikilia lote."

Nikamfasiria msimamizi, neno kwa neno. Aliinama juu ya kipande, akatazama fundo kwa muda mrefu, kisha akachukua penseli akaandika.